Maswali ya Wasomaji: Uzi wa Bolti Unapokufa Ndani ya Injini

SWALI: Fundi, salaam. Nina gari dogo la Kijapani ninalolitumia kwa biashara kati ya Buzuruga na Usagara. Bolti moja inayoshika altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, ililegea na kudondoka barabarani. Fundi akanituma duka la vifaa vya ujenzi ninunue bolti ya milimita kumi. Ilipoingia nusu ikagoma, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, ikaingia kwa nguvu. Haikupita muda ikalegea tena, na sasa inazunguka tu bila kukaza. Anasema atoboe tundu na kuweka bolti nene zaidi, la sivyo nitafute injini nyingine. Unanishauri nini?
Msomaji wa Buzuruga, Mwanza

JIBU: Ndugu yangu, injini yako haina sababu ya kubadilishwa. Kilichoharibika ni milimita chache za uzi, yaani yale meno yanayozunguka ndani ya tundu moja, na kuzirejesha ni kazi ya saa chache kwa fundi mwenye vifaa na subira. Hata hivyo, kabla ya kufika huko, ni lazima tuelewane juu ya kilichouua uzi huo, kwa sababu sababu ikibaki palepale, uzi mpya nao utakufa.

Bolti mbili zenye unene mmoja zinaweza kuwa na uzi tofauti. Bolti ya milimita 10 inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi ina nafasi ya milimita 1.5 kutoka jino moja la uzi hadi linalofuata, ilhali bolti ya unene huohuo kwenye magari mengi ya Kijapani ina nafasi ya milimita 1.25. Ukizishika mkononi zinafanana, lakini katika kina cha milimita 15 uzi wa gari una mizunguko 12 na uzi wa dukani una mizunguko 10. Ndiyo maana bolti isiyo yake huingia vizuri mizunguko miwili au mitatu ya mwanzo, kisha meno yakagongana nayo ikagoma. Kugoma huko ni onyo la wazi kabisa, na jibu lake sahihi ni kuitoa bolti na kuichunguza. Aliyechomeka bomba kwenye spana alikuwa akilazimisha chuma kigumu kijikatie njia ndani ya alumini, na alumini haishindani na chuma, inakatika.

Mkanganyiko huu huongezwa na desturi yetu ya kuita bolti kwa namba ya spana. Kwenye gari la Kijapani, bolti inayofunguliwa kwa spana namba 14 kwa kawaida ni ya unene wa milimita 10, na ile ya namba 17 ni ya milimita 12. Bolti ya dukani inayofunguliwa kwa spana namba 17, kwa upande mwingine, mara nyingi ni ya milimita 10. Kwa hiyo mtu anayeagiza kwa namba ya spana anaweza kuletewa bolti ambayo si ya unene wala uzi anaouhitaji. Njia salama ni kwenda dukani na bolti nzima ya aina ileile kutoka kwenye gari hilohilo, kuilaza ubavuni mwa ile unayotaka kununua, kuyaingiza meno ya moja katikati ya meno ya nyingine, na kuziinua kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya popote, hiyo si yako. Angalia pia kichwani. Bolti za dukani zinazofaa kwa kazi ya injini huandikwa 8.8 au zaidi, na bolti isiyo na alama yoyote haistahili kushika altaneta, sembuse kitu kizito zaidi. Mafundi wanaouza vipuri vilivyotumika huwa na ndoo za bolti halisi za magari, na kwa maoni yangu bolti nzima ya kutoka kwenye ndoo hiyo ni bora kuliko mpya inayong'aa yenye uzi usio wake.

Sasa tuje kwenye tiba. Pendekezo la bolti nene zaidi silipingi kwa kila hali, lakini kwako nalipinga. Bolti ya milimita 12 itahitaji tundu la mkono wa altaneta nalo lipanuliwe, itapunguza nyama ya alumini inayozunguka tundu, na ikiharibika hiyo nayo, hapatabaki nafasi ya matengenezo mengine. Tiba inayofaa ni uzi wa kupachika. Aina inayojulikana zaidi ni ile ya Helicoil, ambayo ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa mfano wa springi, wenye umbo la uzi ndani na nje. Tundu bovu hutobolewa kidogo, kwa bolti ya milimita 10 ni biti ya milimita 10.3 au 10.4, kisha hukatwa uzi mpya kwa tapu maalumu (kifaa cha kukatia uzi ndani ya tundu) inayokuja na seti hiyo, na ule waya huzungushwa ndani mpaka uzame chini kidogo ya uso wa chuma. Mwishoni kile kimkia cha waya kilichotumika kuuzungusha huvunjwa na kutolewa. Bolti inayorudi ni ileile ya unene wa awali.

Watu wengi hudhani kwamba tundu lililotengenezwa hivyo ni dhaifu. Ikiwa kazi imefanywa vizuri, mambo ni kinyume chake: meno ya nje ya waya hushika alumini katika mduara mpana zaidi, na bolti hukaza dhidi ya chuma badala ya alumini laini, hivyo tundu hilo mara nyingi huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kinachoharibu kazi hii ni drili iliyoshikwa kwa mkono ikayumba. Tundu likitobolewa upande, bolti itakaa upande, kichwa chake kitagusa ukingo mmoja tu, na italegea tena. Mwambie fundi atumie kibao cha chuma chenye tundu la kumwongoza, kilichofungwa kwenye bolti za jirani, na afunge alama kwenye biti ya kumwonyesha kina cha kuishia, kwa kuwa nyuma ya baadhi ya matundu hayo kuna njia ya maji au ya oili. Kama gereji yako haina tapu hizo, nenda kwenye karakana za kuchonga vyuma za Nyakato, jirani na eneo la SIDO (shirika la viwanda vidogo), ambako kuna watu wenye mashine za lezi wanaoweza pia kukuchongea bushi, yaani kipande kifupi cha bomba la chuma chenye uzi ndani na nje. Bushi hugharimu kazi zaidi, lakini mahali penye nyama ya kutosha ni suluhisho imara sana.

Jambo la mwisho kwako ni ukazaji. Bolti hushika kwa sababu imevutwa ikarefuka kidogo mno, nayo inataka kurudi. Kati ya nguvu unayoitumia kwenye spana, takribani sehemu tisa kwa kumi huishia kwenye msuguano wa kichwa na wa uzi, na sehemu moja tu ndiyo inayoivuta bolti. Ndiyo sababu bolti iliyopakwa oili huvutika zaidi kwa nguvu ileile ya mkono, na ndiyo sababu vitabu vya magari hueleza kama uzi ukazwe mkavu au na oili. Tumia spana ya kupimia mkazo, ile ambayo gereji nyingi huiita toki renchi, na kipimo cha kitabu cha injini yako. Halafu kagua bolti nyingine zote za altaneta hiyo, maana bolti moja ikidondoka, zilizobaki hubeba mtikisiko wake, nazo zinaweza kuwa zimeanza kulegea.

SWALI: Fundi, mimi nina gari la petroli la kubeba wanafunzi. Plagi ya silinda ya tatu iliruka kwa kishindo tukiwa njiani na watoto. Kijana wa gereji aliizungushia tepu nyeupe ya mabomba akairudisha, lakini imeruka tena. Ninaambiwa silinda hedi, ule mfuniko mkubwa wa juu ya injini, ndiyo basi. Ni kweli?
Mama wa Igoma

JIBU: Mama, nakuomba gari hilo lisibebe mtoto yeyote mpaka litengenezwe. Plagi iliyotoka huacha tundu linalotema mchanganyiko wa hewa na petroli juu ya injini yenye joto na nyaya za umeme, na moto unaweza kuanza pale.

Ile tepu haikuwa na uwezo wa kusaidia. Katika injini ya petroli inayovuta mzigo, shinikizo la mwako hufikia bar 50 na zaidi (bar moja inakaribia shinikizo la hewa ya kawaida), na kwa tundu la plagi la milimita 14 hiyo ni nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80 inayoisukuma plagi nje. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, msukumo huo hurudiwa mara 25 kila sekunde katika kila silinda. Tepu ya mabomba ni plastiki laini, haina meno ya kuzuia msukumo wa namna hiyo. Tena plagi hupoza ncha yake kwa kupitisha joto kwenye uzi na kwenye kikalio chake kuelekea kwenye hedi, na tepu huweka kizuizi katika njia hiyohiyo, hivyo plagi hupata joto kupita kiasi.

Hedi yako haijaisha, isipokuwa kama imepasuka kando ya tundu. Ninachokushauri ni bushi nzima ya chuma, wala si uzi wa waya niliomweleza msomaji wa Buzuruga. Uzi wa waya hutumika kwenye plagi pia, lakini kuna hatari ya waya huo kutoka pamoja na plagi siku ya kuibadilisha, na bushi yenye ukingo juu hukalia vizuri na kupitisha joto kwa uhakika zaidi. Bushi hiyo lazima ilingane na urefu wa uzi wa plagi yako. Ikiwa fupi, uzi wa alumini uliobaki chini yake utajaa masizi. Ikiwa ndefu, itachomoza ndani ya chumba cha mwako na kuwaka kama kaa.

Mafundi wengine hufanya kazi hii bila kufungua hedi, kwa kupaka grisi nyingi kwenye tapu ili chembe za alumini zinase, kisha kupuliza silinda kwa kompresa. Inawezekana, na fundi makini hufanikiwa. Lakini kwa kuwa tundu lako limeng'olewa mara mbili, ningependa hedi ifunguliwe, ikaguliwe kama ina ufa, itobolewe kwenye mashine ikiwa imelala sawa, na ifungwe kwa gasketi mpya, yaani bamba jembamba la kuziba kati ya hedi na injini. Gharama itaongezeka, nami naiona ni halali kwa gari linalobeba watoto wa watu.

Uliza pia jinsi plagi zinavyobadilishwa kwenye gari hilo. Plagi ikifunguliwa hedi ikiwa bado ya moto, alumini iliyolainika kwa joto huchunwa na uzi wa chuma, kwa hiyo injini iachwe ipoe kabisa. Plagi ianzwe kwa vidole au kwa kipande cha mpira wa bomba kilichovishwa juu yake, kwa sababu mpira huo utateleza endapo uzi haujakaa sawa, ilhali spana haitasema kitu. Ikishagusa, plagi mpya yenye washa ya kubonyea huongezwa takribani nusu mzunguko, na isiyo na washa, yaani ile yenye kikalio cha mteremko, huongezwa kidogo mno kuliko hapo. Plagi iliyolegea nayo huua uzi, maana hucheza kidogo kila mwako mpaka meno yaishe. Nadhani ndicho kilichoanza kwenye gari lako, kwa kuwa plagi iliyokazwa vizuri hairuki ghafla.

SWALI: Nimepata Toyota Harrier ya mwaka 2004 yenye injini ya 2AZ-FE, na bei yake ni nzuri. Rafiki yangu ananionya kwamba injini hizo "hung'oa uzi wa hedi". Je, niache?
Mwalimu, Sengerema

JIBU: Mwalimu, rafiki yako amekuonya kwa haki. Injini ya 2AZ-FE, yenye ujazo wa lita 2.4, imefungwa kwenye magari mengi tunayoyaona Mwanza: Harrier na Kluger zenye namba ya chesi inayoanza na ACU, Ipsum za ACM, na Alphard za ANH. Bloki yake, yaani mwili wa injini unaokaliwa na hedi, ni ya alumini, na bolti 10 za silinda hedi hushika moja kwa moja kwenye alumini hiyo. Katika injini za miaka ya mwanzo, sehemu ya uzi ndani ya bloki ilikuwa na urefu wa milimita 24, na udhaifu wake ulipojulikana, Toyota waliurefusha hadi milimita 30 katika injini zilizotoka kiwandani baadaye, mnamo mwaka 2006 na kuendelea. Gari unalolitazama ni la kabla ya hapo.

Uzi hufa hasa kwenye bolti za upande wa nyuma, unaoelekea kwenye ukuta wa kabini, ambako ni vigumu kuona. Injini ikichemka, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bolti, mvuto kwenye bolti huongezeka, na meno machache yaliyomo kwenye bloki hung'oka. Hedi hupoteza mkazo upande huo, maji yakaanza kupenya, maji yakipungua injini ikachemka tena, na kila mchemko ukaongeza uharibifu.

Hiyo haina maana kwamba kila 2AZ-FE imeharibika. Nyingi zimetembea umbali mrefu bila tatizo kwa sababu hazikuwahi kuchemka. Nenda ukaikague injini ikiwa imepoa tangu usiku. Fungua mfuniko wa rejeta: kama ndani kuna maji ya bombani badala ya kimiminika chenye rangi cha kupozea, tayari umejua mmiliki alivyoitunza. Mulika nyuma ya injini kwa tochi na kioo kidogo, pale hedi inapokutana na bloki, utafute mabaki makavu ya rangi ya waridi au meupe. Kisha lipandishe mlima, njia ya Bugando au Isamilo inatosha, ukiwa umewasha kiyoyozi, huku ukitazama geji ya joto. Likishapoa, pima tena kiwango cha maji. Mwombe fundi afunge pampu ya kupimia shinikizo kwenye rejeta, na aangalie kama sindano inashuka.

Ukikuta dalili hizo, usikubali ahadi ya kubadilishiwa gasketi tu. Gasketi mpya juu ya uzi uliokufa haina kitu cha kuibana. Bolti ikigoma kufikia mkazo wake wakati wa kufunga, fundi asiye mkweli huiacha ilivyo na kufunika, na mnunuzi hugundua akiwa tayari amelipa. Tiba ya kweli ni kung'oa injini, kuvua hedi, na kuweka bushi za chuma kama zile za Time-Sert katika matundu yote 10. Nasisitiza yote, kwa kuwa matundu yaliyobaki yalipitia joto lilelile, na hakuna busara ya kuivua hedi hiyo mara mbili. Uso wa bloki na wa hedi upimwe kwa rula nyoofu na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), na bolti ziwe mpya. Kwa hiyo sikwambii uache. Nakwambia upunguze bei kwa kiasi cha kazi hiyo ikiwa dalili zipo, na kama muuzaji hakubali gari likaguliwe likiwa limepoa, hapo ndipo uondoke.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa gereji hapa Nansio, Ukerewe, tunatengeneza magari na injini za mitumbwi. Bolti nyingi tunazozifungua hutoka na alumini imezing'ang'ania kwenye uzi. Je, gundi ya chuma inaweza kujaza tundu, kisha tukakata uzi upya?
Kijana wa Nansio

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Gundi ya chuma inaweza kushika mfuniko mdogo wa plastiki au wa bati usiobeba mzigo. Usiitumie kwenye hedi, kwenye plagi, kwenye pampu ya maji, wala kwenye nati ya kumwagia oili, kwa kuwa hulainika kwa joto na meno yake humomonyoka siku ya kufunguliwa.

Hizo bolti zinang'ang'ania kwa sababu chuma na alumini vikigusana penye unyevunyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaojaa kwenye uzi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya baharini, lakini unyevu wake unatosha kufanya kazi hiyo polepole. Bolti ngumu isipigwe nguvu ya mara moja. Ipake mafuta ya kupenya, iache ikae, ipashe moto alumini inayoizunguka mbali na petroli, kisha ifungue robo na kuirudisha, ufungue tena, urudishe, mpaka unga utoke.

Kabla ya kurudisha bolti, pitisha tapu ya saizi yake kwa mkono mwepesi ili kusafisha, kisha pulizia tundu kwa upepo ukiwa umevaa miwani. Matundu yasiyotokea upande wa pili yachunguze kwa makini zaidi. Maji au oili ikibaki chini yake, bolti inaposhuka hukibana kimiminika kisicho na pa kwenda, nacho huweza kuipasua bloki ukidhani bolti imekaza. Chomeka kijiti kilichozungushiwa kitambaa kikavu mpaka chini, na usifunge bolti mpaka kitambaa kitoke kikavu.